Mstari Aliouandika Fagio

Ukila nyumbani kwa kaka yangu, kula huku umeshika sahani. Sikutishi, nakupa maelekezo ya usalama. Shemeji yangu, mke wa kaka, hana ugomvi na mtu yeyote duniani. Ugomvi wake ni na kitu kilichokaa juu ya meza bila kazi. Ukiweka kijiko chini ili umeze vizuri, yeye anaelewa umeshiba. Ukigeuka kumjibu mtu, ukirudi unakuta sahani imeshaoshwa, imefutwa na kupangwa kabatini, na wewe umebaki na tonge mkononi kama shahidi aliyesahauliwa mahakamani.

Kazini kwake wanamwita Fagio. Aliyempa jina hilo alikuwa ametoka chooni na kukuta daftari lake, kikombe chake na nusu ya mkate wake vimeshaondolewa mezani. Alikasirika siku hiyo moja, jina likabaki milele.

Mimi naishi kwao, chumba cha nyuma, tangu diploma yangu ya kompyuta ilipoamua kupumzika katikati ya safari. Bado imepumzika. Kwa hiyo ninachokijua kuhusu kazi ya shemeji, kidogo nilikipata darasani, na kilichobaki nimekipata kwenye meza ya chakula, siku zile anazofanyia kazi nyumbani na kuongea peke yake.

Kampuni yao inatengeneza visanduku vya milangoni. Unapitisha kadi, taa inageuka kijani, kitasa kinaachia. Ndani ya kisanduku kuna kompyuta ndogo, na ndani ya kompyuta kuna kile wenyewe wanachokiita kerneli, yaani kiini cha mfumo, kinachoamrisha programu nyingine zote. Shemeji alinieleza kwa mfano wa nyumba ya kupanga. Programu ni wapangaji. Kerneli ni mwenye nyumba: anamgawia kila mmoja nafasi yake kwenye memori, na mpangaji akimaliza, anaichukua nafasi na kumpa mwingine. Mpangaji akichanganyikiwa atavunja viti vyake mwenyewe. Mwenye nyumba akichanganyikiwa, funguo zote ziko kiunoni mwake.

Fagio anafanya kazi hapo hapo kiunoni.

Tena kerneli yenyewe si mali ya kampuni yao. Ni ya wote. Inaandikwa na watu wa kila pembe ya dunia, ambao hawajawahi kuonana na wanasahihishana kwa ukali ambao hata mama mkwe angeuonea haya. Kuingiza mstari wako humo si jambo dogo. Shemeji aliingiza wake mwaka juzi. Aligundua kwamba kila mara mtu anapochomoa kisoma kadi kutoka kwenye kisanduku, ile nafasi ya memori iliyokuwa inashikilia habari za kadi hairudishwi. Inabaki tu, haina mwenyewe, haina kazi. Kwa mtu wa kawaida hiyo ni habari ya kusinzia. Kwake yeye ilikuwa sahani chafu juu ya meza. Akaandika mstari mmoja wa kuirudisha nafasi hiyo mara tu kisoma kadi kinapochomolewa, akautuma, ukakubaliwa, ukaenda dunia nzima na jina lake.

Kaka aliuchapisha ule mstari akautia kwenye fremu, akautundika sebuleni kati ya picha ya harusi na saa. Wageni waliusoma kwa heshima bila kuelewa kitu, kama watu wanavyosoma cheti cha daktari.

Sasa tuje kwenye mambo. Mkuu wa kitengo chao alikuwa anaondoka, na kila mtu pale kazini alishaanza kumwamkia Fagio kwa sauti ya chini zaidi kidogo, kama ilivyo desturi cheo kinaponukia. Wamiliki wa kampuni walisema watamthibitisha mkuu mpya baada ya kazi kubwa ya mwezi huo kukabidhiwa: visanduku vya bweni la wasichana wanaosomea uuguzi, mlango kwa mlango, jengo zima. Mshindani wake alikuwa mmoja tu, jamaa wa hapo hapo kazini anayeitwa Profesa. Hajawahi kufundisha popote. Anaitwa hivyo kwa sababu ya miwani yake, na kwa sababu ukimwambia habari za asubuhi anafikiri kwanza.

Shemeji alikitaka kile cheo. Alikitaka waziwazi. Alikuwa ameshachagua hata upande ambao meza yake itakaa ili jua lisimpige usoni.

Jumamosi asubuhi alileta kisanduku kimoja nyumbani ili akikague kwa mara ya mwisho. Akakiweka kwenye meza ya chakula, akachomeka kisoma kadi, akaweka kadi juu yake isomwe tena na tena bila kukoma. Halafu akawasha kile anachokiita rangi. Nieleze rangi, maana ndiyo iliyoleta balaa. Wenye kazi hiyo wanaweza kuiambia kerneli: kila nafasi ya memori inayorudishwa, ipake takataka za aina moja kabla hujampa mtu mwingine. Basi yeyote atakayekuja kusoma pale akidhani bado ni pake, atakutana na takataka, na mashine itapiga kelele. Ni kama kupaka rangi mbichi kwenye kiti ulichokataza watu wasikalie. Huhitaji kulinda. Unasubiri tu kuona suruali ya nani imechafuka.

Shemeji akaenda kuanika nguo. Kaka yangu, mwalimu wa chekechea, mtu mpole kabisa lakini anayechomoa chochote kilichochomekwa ili achaji simu yake, akaingia, akaona waya wa kisoma kadi, akauchomoa.

Kioo cha kompyuta ya shemeji kikajaa maandishi. Kaka akaangalia maandishi, akaniangalia mimi, akaurudisha waya taratibu kama mtu anayerudisha mtoto kitandani, na akaniomba nisiseme kitu. Mimi nikamwita shemeji kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani.

Alikuja na vibanio vya nguo mdomoni. Akasoma. Akatoa vibanio kimoja kimoja akaviweka mezani, na hapo ndipo nilipojua hali ni mbaya, maana hakuviondoa. Alimuuliza kaka alichomoa wakati gani hasa, kadi ikiwa inasomwa au la, na kaka akajitetea kwamba simu ilikuwa inazimika. Shemeji akasema hamlaumu, anataka tu kujua. Halafu akageuka akautazama ule mstari wa kwenye fremu kwa muda mrefu, kama mtu anayemtazama mwanawe wa mfano baada ya kupigiwa simu na mwalimu mkuu.

Kosa lilikuwa hivi. Kadi ikipitishwa, kerneli inaandika habari zake mahali fulani kwenye memori: huyu anaruhusiwa, au huyu haruhusiwi. Sehemu nyingine ya kerneli, ile inayoamua kuhusu kitasa, inashika anwani ya mahali hapo, inakuja kusoma jibu. Ukichomoa kisoma kadi katikati ya shughuli hiyo, mstari wa shemeji unakimbilia kuirudisha nafasi. Safi kabisa. Ila wa kitasa bado ameshika anwani mkononi. Wakati huo huo mpangaji mwingine anaweza kupewa nafasi ile ile na kuandika anachotaka. Wa kitasa anafika, hana habari, anasoma maneno ya mpangaji mpya akidhani ni jibu lake. Na mpangaji mpya akiwa mhuni, ataandika neno moja tu: anaruhusiwa.

Pale kazini hakuna aliyewahi kuliona, kwa sababu wote ni watu wastaarabu. Walijaribu kuchomoa kisoma kadi mara nyingi, lakini kwanza walisubiri kadi imalize kusomwa, kama watu wanaosubiri mwenzao amalize kuongea. Hakuna hata mmoja aliyechomoa kama kaka yangu.

"Shemeji," nikamwambia, "yaani umemnyang'anya kitasa sahani bado anakula."

Hakucheka. Alisema ndiyo, na akaenda kumpigia bosi.

Bosi wao, meneja wa kampuni nzima, ni mtu mzuri mwenye tatizo moja, anaamini jambo baya likielezwa kwa utulivu linakuwa dogo. Jumatatu alimsikiliza Fagio mpaka mwisho, kisha akamuuliza kwa utulivu ni nani huyo atakayechomoa waya kwenye nukta hiyo hiyo, na programu nyingine iwe imedai nafasi hiyo hiyo, na iwe imeandika neno hilo hilo. Fagio akamwonyesha kwenye mashine yake: alikuwa amemchelewesha wa kitasa kidogo tu njiani, ili ajali ionekane kwa macho. Ikaonekana. Bosi akasema basi ajali ameileta yeye kwa kumchelewesha mtu, na visanduku vya bweni havina ucheleweshaji huo, na lori linapakiwa.

Ninayajua haya kwa sababu Jumatano nilikuwapo. Shemeji alisahau chaja nyumbani, kaka alikuwa shule, nikatumwa mimi. Karakana yao ina mlango uliosimama katikati ya chumba, na fremu yake na kitasa chake, hauna ukuta kulia wala kushoto. Ni wa majaribio. Watu wanauzunguka siku nzima kwenda kuchukua chai, na wapo wanaoubishia hodi.

Profesa na Fagio walikuwa wamechuchumaa mbele yake. Nilidhani wanagombana, kumbe wanashirikiana, ingawa kwa watu wale wawili tofauti haionekani kirahisi. Profesa alikuwa amekwenda kwa fundi pikipiki na kurudi na kile kidude kinachoifanya taa ya kugeukia ikonyeze, waka zima, waka zima. Wameunga waya wa kisoma kadi hapo. Sasa kidude ndicho kinachochomoa na kuchomeka, ka ka, ka ka, bila kuchoka na bila ustaarabu, na kadi imelala juu ya kisoma kadi. Kadi yenyewe ilikuwa ya mtu aliyekatazwa kila mlango. Hawakumchelewesha mtu yeyote safari hii. Na mpangaji mhuni waliyemchagua ni ile programu inayoandika salamu kwenye kioo cha kisanduku, *karibu, leo ni Jumatano*, programu ya chini kuliko zote, isiyo na haki ya kufungua hata dirisha. Walichofanya ni kuiagiza iwe inadai memori kila wakati na kuandika lile neno moja.

Bosi alikuwa pembeni anaongea na matroni wa bweni kwenye simu. Matroni alitaka kujua kama kweli hivi vitu vya kisasa ni salama kuliko kufuli, maana yeye analala jengo moja na wasichana wa watu. Bosi akamweleza kwa utulivu. Ka ka, ka ka. Akamwambia mama, teknolojia hii imepimwa na wataalamu wetu wenyewe. Ka ka. Akamwambia hakuna mtu duniani anayeweza...

Mlango ukafunguka. Haukupiga kelele, ulilegea tu ukaja taratibu, kama unavyofunguka mlango wa kabati bovu. Taa ya kijani. Kwenye kioo: *karibu, leo ni Jumatano*.

Bosi aliutazama. Akasema kwenye simu, "Mama, nitakupigia." Halafu akatoka nje, akaenda kusema na dereva wa lori, na tukaona kupitia dirishani maboksi yanaanza kurudi ndani.

Ungedhani hapo ndipo mwisho. Hapo ndipo ilipoanza kumuuma Fagio.

Kiraka chenyewe, yaani marekebisho, kilikuwa kifupi. Nafasi isirudishwe mpaka kila aliyeshika anwani yake aiachie. Fagio alikiandika kabla chai haijapoa. Wakakipeleka kwanza kimyakimya kwa kikundi kidogo kinachotunza usalama wa kerneli, ili wezi wasilisome tundu kabla halijazibwa, na kikundi kikasema sawa, siku fulani kitolewe hadharani. Ila watu wa kerneli wana desturi yao. Chini ya kiraka unaandika mstari wa kusema kosa hili lililetwa na badiliko lipi la zamani. Na badiliko la zamani lina jina la mtu.

Bosi alimwita ofisini akafunga mlango. Alimshauri, kwa utulivu, aache huo mstari. Kiraka kiitwe maboresho. Kosa limezibwa, bweni litalindwa, wamiliki wanakaa Ijumaa kumthibitisha mkuu wa kitengo, na hakuna sababu ya wao kufungua kompyuta na kukuta kwamba tundu aliloliziba Fagio alilichimba Fagio. Hakumwambia adanganye. Alimwambia tu asiandike.

Shemeji alirudi nyumbani akaandaa chai ya jioni, akatuwekea mkate, akakaa na kompyuta. Kiraka kilikuwa tayari, bila ule mstari. Alitusomea. Akasema ni kweli kwamba kinaboresha. Akasema tena kwamba watu wengi wanafanya hivyo. Akatuuliza kama tunaelewa, na sisi tukatafuna.

Kaka ndiye aliyeuliza huo mstari una kazi gani, zaidi ya kumchoma mtu. Shemeji akaeleza kwa mkato: kuna watu kote duniani wanaotunza kerneli za zamani kwenye mashine zao, hawawezi kusoma kila badiliko, kwa hiyo wanafuata mstari huo. Ukisema kosa lililetwa na badiliko fulani, wanaangalia kama wanalo. Wakiwa nalo wanachukua kiraka. Usiposema, kinapita mlangoni mwao hawajui kinawahusu.

Kaka akafikiri. "Wangu darasani huwa wananionyesha alipomwaga nani," alisema. "Huwa nawaambia kusemeana si vizuri. Lakini wasiponionyesha, nadeki mahali pakavu."

"Wewe usinifananishe na watoto wa chekechea."

"Sijakufananisha, mke wangu. Wao wanasema wenyewe."

Mimi nilijificha ndani ya kikombe. Kwenye nyumba ile kuna sentensi ambazo ukicheka unaosha vyombo wiki nzima, na hiyo ilikuwa mojawapo. Shemeji alimtazama mumewe kwa jicho la kumhesabia siku, akavuta kompyuta, akaandika. Niliinama nikaona: kosa hili lililetwa na badiliko la mwaka juzi, kurudisha memori kisoma kadi kinapochomolewa, na jina lake. Chini yake akaongeza mstari wa pili, kwamba kosa limegunduliwa na mume wangu, kwa kuchomoa. Kaka akaomba asiandikwe. Akaandikwa.

Kiraka kilitolewa hadharani Alhamisi. Kufika mchana jibu likaja kutoka kwa mtu asiyemjua, wa nchi nyingine, anayetunza mashine za kupimia damu. Aliandika kwa kifupi kwamba ameufuata mstari, badiliko lile wanalo kwenye mashine zao zote, wamechukua kiraka, asante. Shemeji alilisoma akiwa amesimama. Alilipeleka kwa bosi bila kuongeza neno.

Ijumaa wamiliki walikaa. Walimsifu Fagio kwa uaminifu wake, kwa maneno mengi mno, na mtu mzima akisikia anasifiwa uaminifu kwa muda mrefu hivyo ajue cheo kimeshapita. Walisema mteja akisikia kwamba mkuu wa kitengo ndiye aliyeacha tundu, haitapendeza. Wakampa Profesa. Profesa, nasikia, alifikiri kwanza, halafu akakubali.

Wikendi hiyo kila pazia la nyumba ile lilifuliwa. Mazulia yalipigwa mpaka yakakiri. Mimi na kaka tulikula tumesimama.

Jumatatu jioni gari likasimama nje, akashuka Profesa na kompyuta kwapani. Akaamkia, akakataa soda, akakaa kwenye meza ya chakula upande wa wageni. Alieleza kwamba ametoa agizo lake la kwanza kama mkuu: hakuna mstari wowote wa kurudisha memori utakaotoka kwenye kitengo bila kusomwa na Fagio, ukiwemo wa mkuu mwenyewe. Na kwa kuwa agizo ni agizo, ameleta wake.

Shemeji akavaa miwani ya kusomea. Akasoma polepole, kidole kwenye kioo, huku Profesa amekunja mikono kama mtu aliye kwa daktari wa meno. Nilitegemea asifie kidogo, kwa ajili ya amani. Alifika katikati, akasimama.

"Nani mwingine bado ameshika hii anwani?"

Profesa akasema hakuna. Kisha akafikiri, na kwa mara ya kwanza nikaona faida ya tabia ile, maana uso wake ulibadilika mbele yetu. Akaichukua kompyuta taratibu, akaifunga, akasema atarudi kesho. Shemeji alimsindikiza mpaka getini, na nikawasikia wakibishana huko nje, sauti ya shemeji juu, sauti ya mtu aliyepata usingizi mzuri.

Aliporudi nikamwambia si haba, shemeji, sasa cheo ni cha Profesa lakini mkuu anakuja kuketi kwako kama mwanafunzi, kwa hiyo huenda hata hukukihitaji kile kiti. Nilidhani nimesema jambo la busara. Yeye akaniinulia kidole.

"Nilikitaka, shem. Usije ukaenda huko ukasimulia kwamba sikukitaka."

Basi naandika hapa kama alivyosema, bila kusafisha. Alikitaka.